Kinu Kilipogeuka Ngazi

Kinu cha mama mkwe wangu ni cha gogo moja. Kiliingia katika nyumba hii siku moja na yeye mwenyewe, alipoolewa, na miaka yote hiyo kimefanya kazi moja tu: kusimama wima na kupigwa. Mwaka ule kikapewa kazi ya pili. Kuanzia Septemba mpaka Krismasi inabisha hodi kilikuwa kifudifudi uani, makalio juu, na kila aliyetaka kupanda gari letu alianza kwa kuyakanyaga makalio ya kinu. Siku ya kwanza mama mkwe alikitazama, akaifunga kanga kiunoni, akaniuliza mimi badala ya kumuuliza mwanawe: "Mwalimu, na makopa tutatwangia wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwenye jibu alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, anapiga mluzi.

Gari lenyewe ni Land Cruiser la zamani, lile ambalo watu huliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Baba watoto alilinunua mnadani mwaka aliostaafu, kwa sehemu ya kiinua mgongo na fedha za ufuta wa misimu miwili. Alikuwa bwana miti. Miaka thelathini alizunguka misituni na magari ya serikali, na kustaafu kwake kulikuwa na maana moja: kuendesha gari ambalo kitabu chake cha safari hakisainiwi na mtu. Mahali palipokuwa na kalenda yangu sebuleni alibandika ramani. Kutoka hapa Chunyu twende Nachingwea, Nachingwea hadi Liwale, tuchungulie Selous, kisha turudi Masasi tushike njia ya Tunduru na Songea, mpaka Mbamba Bay tukaoshe miguu Ziwa Nyasa. Hema juu ya kerea, jiko la gesi nyuma, mimi na yeye. Nilipomuuliza nani atawapa kuku maji, alisema nimeanza.

Niseme wazi kwamba gari lilipokuja lilikuwa la kimo chake cha kiwandani, na sote tulilipanda bila kuvunja heshima. Nuksi iliingia Julai, walipopita Nachingwea Wazungu wawili, mke na mume, waliokuwa wakitoka Afrika Kusini kwa gari kwenda Kenya. Walikuwa wameegesha sokoni wananunua nyanya. Baba watoto aliinama akalichungulia gari lao uvunguni kama daktari, akawauliza maswali kwa Kiingereza chake cha ofisini, akarudi nyumbani uso unang'aa.

"Mama watoto, gari la safari ndefu huinuliwa." Mama watoto ni jina langu anapotaka kitu. Akikasirika ninakuwa Mwalimu.

"Lao wameliinua kiasi gani?"

"Inchi mbili."

"Na la kwako?"

"Barabara zetu ni mbaya mara tatu ya za kwao."

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili. Nimeona watoto wakipata jibu sahihi kwa njia mbovu na jibu bovu kwa njia sahihi, lakini mbili mara tatu ya namna ile sijawahi kuiona ubaoni. Ikawa sita. Inchi sita ni sentimeta 15, urefu wa rula ndogo ya mwanafunzi. Mtu ukiitazama rula hiyo juu ya dawati huwezi kudhani ina uwezo wa kusambaratisha nyumba.

Kazi ilifanywa na fundi wa mjini. Mji siutaji na fundi simtaji. Alichokifanya ni rahisi kueleza. Gari hilo linakaa juu ya springi za majani, mbele na nyuma. Akaongeza jani moja nene katika kila springi, hapo akapata sentimeta 5. Kisha akachonga matofali manne ya chuma, kila moja la sentimeta 10, akayapachika katikati ya ekseli na springi, akafunga kwa yuboliti ndefu. Baadaye niliambiwa kwamba matofali ya nyuma wapo wanaoweka, lakini ya mbele fundi mwenye hofu ya Mungu haweki, maana ukikanyaga breki ekseli inataka kujizungusha na tofali linakuwa mkono wa kuisaidia. Sisi tulikuwa nayo mbele na nyuma.

Lilirudi jioni, giza limeshaingia. Niliona mwanga unatembea juu ya matawi ya mwembe. Nilidhani ni watu wa asali wanatafuta nyuki. Kumbe ni Land Cruiser letu linaingia uani, pua imezidi mkia kidogo, taa zinamulika maembe badala ya njia. Banda lake la makuti lilikuwa limejengwa kwa kimo cha zamani. Bomba la mkonga likachota makuti ya mbele, kerea ikachota yaliyobaki, na baba watoto akasimama katikati ya banda lisilo na paa, anatabasamu kama mtu aliyekata utepe. Kesho yake watoto wa jirani walishalipa gari jina: Ghorofa. Chunyu haikuwa na ghorofa. Ikawa nayo, tena ya magurudumu.

Sasa naomba msomaji alikumbuke tenga langu la vifaranga. Ni tenga la matete, pana na fupi. Nilikuwa na kawaida ya kulisukuma chini ya gari mchana, maana kivuli cha gari mwewe hakioni. Tenga hilo lilikuwa linapita chini ya ile difu ya nyuma, lile bonge la chuma linaloning'inia katikati ya ekseli kama tumbo la samaki, kwa shida sana, lilikuwa linakwaruza. Siku ya pili ya Ghorofa nikalisukuma, moyoni nikisema leo angalau kuku wangu wamepata nafasi. Likakwaruza. Nikalivuta, nikalisukuma tena. Likakwaruza palepale.

Nikaingia ndani nikachukua futi ya cherehani. Kutoka ardhini mpaka tumbo la difu: sentimeta 22. Kutoka ardhini mpaka kizingiti cha mlango wa dereva: kiunoni kwangu.

"Baba watoto," nikasema, "umeinua nyumba, lakini miguu iko palepale."

"Mwalimu, hayo ni mambo ya ufundi."

Hayakuwa ya ufundi. Ekseli inakaa katikati ya gurudumu. Ukiweka chuma kati ya ekseli na bodi, bodi itapanda hata mbinguni, lakini ekseli na difu yake vitabaki pale tairi lilipoviweka. Kinachoipandisha difu ni tairi, na tairi ni bahili: matairi yetu yalikuwa na kimo cha karibu sentimeta 80, na ukinunua ya sentimeta 85 utalipa fedha nyingi, na difu itapanda nusu ya tofauti, yaani sentimeta mbili na nusu. Kidole gumba. Ninayaandika haya kwa utulivu sasa. Siku ile niliyasema kwa sauti iliyofika kwa majirani.

Miezi iliyofuata nyumba nzima ilijifunza kuishi na Ghorofa. Mimi nilijifunza kupanda kwa kutanguliza goti la kulia huku nimeshika khanga kwa meno. Kijana wetu wa mwisho alijifunza kulala na spana. Gari likifika mwendo wa 60 lilikuwa linatoa mtetemo chini ya viti, dungudungu dungudungu, kwa sababu propela ilikuwa sasa imeinama kwa pembe ambayo kiwanda hakikuiwazia, na krosi zake zilikuwa zinatafuna zenyewe. Tulibadilisha krosi mbili kabla ya korosho ya kwanza kudondoka. Usukani nao ukaanza kuzurura. Kwenye lami lilikuwa halishiki njia. Linakwenda kushoto kidogo, linajirudi, linakwenda kulia, kama mtu anayetoka kwenye pombe ya uraka na hataki mkewe ajue.

Oktoba kulikuwa na mwali wa kutolewa katika ukoo, na baba watoto kwa moyo mwema akajitolea kuwachukua makungwi. Walikuja watatu, wanawake wazito kwa mwili na kwa heshima. Mkubwa wao alikitazama kinu kilichopinduliwa, akakitazama kizingiti cha mlango, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Walikwenda kwa bodaboda, watatu kwa pikipiki tatu, ngoma mbele. Aibu ile baba watoto hakuielewa mpaka mjomba wake alipokuja kumweleza kwa faragha, tena kwa maneno ambayo sikuruhusiwa kuyasikia na niliyasikia yote.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa akimwonea huruma. Yeye yu zaidi ya miaka themanini, na alikuwa msichana mdogo Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga Nachingwea. Mradi ulianza 1947. Walileta mitambo ya kila namna, pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wang'oe pori walime karanga mpaka mafuta yajae Ulaya. Wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 serikali yao ikanyoosha mikono. Ardhi ilikuwa ngumu kuliko vyuma, mvua haikuwa ile iliyoandikwa kwenye makaratasi yao, na baadaye hata reli ikang'olewa. Mama mkwe haelezi hayo kama historia. Anasema tu: "Wale nao magari yao yalikuwa marefu." Kisha anaendelea kuchambua mbaazi.

Safari yenyewe, ile ambayo nyumba hii inaitaja mpaka leo kwa neno "siku ile", haikuwa ya Liwale wala Ziwa Nyasa. Ilikuwa ya macho. Katikati ya Desemba mama mkwe alitakiwa kwenda hospitali ya misheni Ndanda, na mvua za kifuku zilikuwa zimeshaanza. Na gari likitoka nyumba ya kijijini haliendi na mgonjwa tu. Mgonjwa alilazwa nyuma juu ya godoro, mimi na jirani tukaketi naye, na kwa kuwa ndani kulijaa, magunia matatu ya korosho ya kupitisha ghalani yakapandishwa kwenye kerea, juu pamoja na hema ambalo lilikuwa halijawahi kulalwa na mtu. Na mkungu wa ndizi. Na kuku wawili wa shukrani kwa daktari.

Barabara kubwa ilikuwa imeharibika, kwa hiyo tukapita njia ya mashambani, katikati ya mikorosho. Kuna mahali inashuka bondeni, udongo unabadilika kutoka mwekundu kuwa ule mweusi unaonata, na malori ya korosho yalikuwa yameshachimba mitaro miwili ya magurudumu, katikati limebaki tuta. Baba watoto akasimamisha gari, akatazama, akasema maneno ambayo hayakuwa na haja ya kusemwa: "Ndiyo sababu tuliliinua."

Tukashuka bondeni na gari. Magurudumu yakaingia mitaroni, tuta likaja katikati, na tumbo la difu, lile la sentimeta 22, likakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia. Magurudumu yakazunguka bure. Baba watoto akaongeza moto. Gurudumu la kushoto la nyuma likazidi kuchimba, likazama, na Ghorofa ikaanza kuinama. Haikuanguka. Ingekuwa imeanguka ningekwambia. Ilijilaza polepole, kwa adabu, kama ng'ombe anayekunja magoti, na nikaona kupitia dirishani mikorosho nayo inalala, nikasikia juu magunia yanasogea upande mmoja, kuku wanalia, na mama mkwe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, tumefika?"

Kilichotuokoa ni kichuguu. Kichuguu kikubwa cha mchwa, kirefu kuliko mtu, kilikuwa kimesimama pembeni mwa njia, na bodi ya gari ikakiegemea kwa bega kama mlevi na ukuta. Tukatoka kwa mlango wa juu mmoja mmoja. Mama mkwe alitolewa akiwa amekaa kwenye godoro, kama bibi harusi.

Tulipokuwa tumesimama pale, ikaja Probox. Probox ya kawaida, ile inayobeba abiria, chini imelala kama panya, imepakia watu wanane na mbuzi. Dereva alipunguza mwendo, akasalimia, akapandisha magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta na ya upande wa pili kwenye majani, akapita. Mbuzi alitutazama mpaka walipopotea.

Aliyekuja kututoa ni kaka yangu, fundi wa zamani wa Nachingwea, kwa pikipiki, na kamba begani. Yeye na baba watoto ni mashemeji, na utani wao hauna likizo.

"Shemeji," alisema akiwa bado hajashuka, "umejenga mnara, msingi umeusahau wapi?"

Hakuleta winchi wala trekta. Kwanza alishusha magunia. Pili akaagiza majembe mawili kutoka nyumba ya karibu, wakapunguza tuta chini ya difu. Tatu akainama kwenye kila tairi na kijiti, akatoa upepo: ulikuwa 45, akaushusha mpaka 20, matairi yakatanuka chini, yakawa na unyayo mpana. Akaweka matawi. Wanaume kumi wakashika kamba upande wa juu ili lisirudi kuinama, na gari likatoka. Lote hilo lilichukua muda mfupi kuliko nilioutumia kumtafutia mama mkwe mahali pa kujisaidia. Kazi ndefu ilikuwa ya kurudisha upepo kwa pampu ya baiskeli: matairi manne, vijana watano, zamu kwa zamu.

Wakati vijana wanapiga pampu, kaka yangu alikaa juu ya gunia akatoa somo ambalo ninamwonea wivu, maana wanafunzi wake wote walikuwa wakimsikiliza. Akawauliza kama wanajua ile Safari Rally ya Afrika Mashariki ya zamani, iliyokuwa ikipigwa wakati wa masika makusudi, magari yakipita matope yasiyo na mwisho. Mwaka 1963, akasema, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Na lililoshinda? Peugeot 404, gari la chini, la baba wa familia. Likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Kabla yake kilichokuwa kikishinda mara kwa mara ni Volkswagen ya kobe. "Hakuna aliyekuwa amesimama juu ya matofali," akasema. "Walikuwa wanajua kuchagua pa kupita, uzito chini, springi nzima, upepo wa kiasi."

Baba watoto akajitetea kwamba basi hata Wazungu wale wa sokoni wamekosea. Kaka akasema hapana, na hapo ndipo nilipompenda zaidi, maana hakutaka kumkandamiza shemeji yake mbele ya vijana. Gari likibeba hema, maji, mafuta na mizigo ya mwezi mzima, springi zake huchoka na huinama; ukiweka springi imara zikalirudisha kwenye kimo chake na kuongeza inchi mbili, bodi haipigi chini ikivuka kilele cha tuta, pua haichimbi ukishuka korongo, na tairi kubwa kidogo linapata nafasi ya kuzunguka. Hiyo ina maana. Kupita hapo unanunua kimo ambacho difu haitakiona, na unakilipia kwa krosi, kwa usukani, na kwa kulala ubavuni.

Nami nilikuwa na kalamu. Nyuma ya kadi ya kliniki ya mama mkwe nikawachorea vijana hesabu. Chukua nusu ya upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Tuseme sentimeta 70. Igawanye kwa kimo cha pale uzito wa gari unapokaa, tuseme 80. Jibu ni tanjenti ya pembe: gari litavumilia kuinama nyuzi 41 kabla halijapinduka. Panda sentimeta 15, zinabaki 36. Tundika magunia matatu na hema juu ya paa, kimo kikifika 105, zinabaki 33 na kitu. Hapo gari limesimama tuli. Likirushwa na shimo usiniulize. Baba watoto aliitazama kadi muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sijausikia tangu tulipochumbiana, kama ningeweza kuifuta kabla daktari hajaiona.

Ndanda tulifika kesho yake, kwa basi. Macho ya mama mkwe ni mtoto wa jicho tu, na moja limeshasafishwa.

Kikao cha familia kilikaa Jumapili, chini ya mwembe uleule uliokuwa ukimulikwa na taa. Mjomba aliongoza. Hoja zilikuwa nyingi na nusu yake hazikuwa za gari. Mama mkwe alisubiri mpaka wanaume wamalize, akasema jambo moja: anataka kinu chake kabla ya sikukuu. Kaka yangu akafungua yuboliti siku mbili zilizofuata, akayatoa matofali yote manne, akaacha lile jani moja la nyongeza, likabaki limeinuka inchi mbili kama la wale Wazungu. Propela ikanyamaza. Usukani ukaacha uraka. Mwezi wa Juni, ufuta ulipouzwa, tulikwenda nalo mpaka Liwale na kulala ndani ya hema usiku mmoja; habari za usiku huo, na za fisi, na za nani aliyelala ndani ya gari akiwa ameshikilia funguo, ni kisa kingine.

Matofali baba watoto alikataa kuyauza kwa watu wa vyuma chakavu. Alisema yamemgharimu. Yakakaa barazani wiki nzima tukijikwaa nayo, mpaka mchwa walipoonekana kwenye mguu wa kabati la vyombo jikoni, ndipo akapata wazo. Akainua kabati, akaweka tofali chini ya kila mguu. Sentimeta 10 kamili, na mchwa hawajafika tena. Ila sukari inakaa rafu ya juu, na mama mkwe ni mfupi. Juzi nimeingia jikoni nikakuta kinu kimegeuzwa kifudifudi mbele ya kabati, na yeye amesimama juu yake, kopo mkononi, jicho moja jipya linang'aa. "Mwalimu," akaniambia, "usimwambie mwanangu."